Kumi na Mbili na Nusu

Benchi letu lipo kibarazani kwa Futi, fundi cherehani, hapa Kilwa Kivinje, upande ambao jua la alasiri halifiki. Mimi nauza kahawa hapo. Wananiita Dele, jina la birika langu, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na wateja: mtu anachukua kikombe kimoja, anakaa nacho mpaka adhana ya magharibi, na bado anaomba kashata ya kuonja. Wenyewe ni hawa. Mzee Rehani, aliyewahi kufundisha madrasa, tunamwita Mufti ingawa hakuna aliyempa cheo hicho. Gregori, fundi redio na simu, jina lake Waya. Na Futi mwenyewe, Dionis, mtu wa vilimani huko ndani, ambaye futi yake ya kupimia nguo haitoki shingoni hata akienda kanisani. Mkewe Futi, Monika, ni mkunga, na huu ni mwaka wa tatu yupo kazini Liwale. Siku ile tulikuwa tunasubiri habari moja tu, kama zahanati ya Mitondo, hapa jirani, itapewa mkunga wa pili. Ikipewa, nafasi ni ya Monika, anarudi nyumbani. Mleta habari alikuwa Shahid, mtoto wa Raza mwenye duka la vyombo. Kijana kasomea takwimu Dodoma, na huo mradi wa afya uliokuwa unagawa wakunga ulimpa kibarua cha kompyuta.

Shahid: Shikamoo Mzee Rehani. Shikamoo Dele.

Mufti: Marahaba. Kaa kwanza, unywe kahawa.

Shahid: Kaka Futi, Mitondo imekosa.

Futi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akaendelea kutia, na sindano ikawa inamkataa.

Futi: Imekosaje?

Shahid: Zahanati inatakiwa iwe na wastani wa akina mama kumi na tatu wanaojifungua kila mwezi. Mitondo imeandikwa kumi na mbili.

Futi: Si uliniambia imezidi kumi na mbili?

Shahid: Ni kumi na mbili na nusu. Lakini jedwali lao linataka namba nzima, na walisema nusu ipande juu. Programu ya kuondoa hizo desimali niliandika mimi. Mitondo ilivyopita pale, ikatoka kumi na mbili.

Waya: Sisi shuleni tulifundishwa nusu inapanda. Mwalimu wetu alikuwa anakuja kalewa, na hilo halikumpotea.

Shahid: Hata mimi nilijua hivyo, bro. Na niliijaribu kabla. Niliipa kumi na moja na nusu, ikaleta kumi na mbili. Nikaipa kumi na tatu na nusu, ikaleta kumi na nne. Nikasema fresh, inapandisha. Nikalala zangu.

Mufti: Kumi na mbili na nusu hukuijaribu.

Shahid: Sikuijaribu, mzee.

Akatueleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunja sahani ya watu. Ile lugha ya kompyuta ya takwimu anayoitumia, ikikuta nusu kamili haipandi wala haishuki kwa kawaida. Inakwenda kwenye namba ya karibu inayogawanyika kwa mbili. Kumi na moja na nusu inapanda kumi na mbili. Kumi na mbili na nusu inashuka hapo hapo, kumi na mbili. Mufti akaweka kikombe chini, jambo ambalo huwa halitokei.

Mufti: Kwa hiyo inapenda shufwa. Haitaki witiri.

Shahid: Kwenye nusu, ndiyo.

Mufti: Na kumi na tatu ni witiri. Mimi hizi mashine nimewaambia siku nyingi. Mtu anafunga sala zake za usiku kwa witiri, halafu nyie mnaleta kitu kinachoikimbia witiri, mnakikabidhi wajawazito.

Waya: Mbona simu yako ina laini moja, mzee, witiri hiyo, na inapokea vizuri tu.

Mufti: Inapokea. Ulishawahi kuiona inapiga?

Waya: Hiyo ni salio. Sasa nisikilizeni mimi, niliyezoea umeme. Umeme haupotei, ukitoka hapa unaingia kule. Na hizo nusu zinazokatwa hazipotei. Mitondo kakatwa nusu, kule juu mwingine kakatwa nusu, nchi nzima hivyo hivyo. Zinakwenda wapi? Zinakusanyika. Nakwambia kuna zahanati moja mahali ina wakunga arobaini na hakuna hata mjamzito mmoja.

Mufti: Sasa hao arobaini wanafanya nini kutwa nzima?

Waya: Wanakunywa kahawa.

Mimi: Nielekezeni huko, nihamie. Pengine wao wanaongeza kikombe cha pili.

Shahid hakucheka. Alisema kinachomuuma ni kwamba Mitondo mwaka mzima walijifungua akina mama mia na hamsini. Angejitokeza mmoja zaidi, wastani ungevuka nusu kwa chembe, na ikishavuka mashine haina la kuchagua, inapanda yenyewe.

Waya: Mtoto mmoja tu. Mufti, na wewe umekaa hapa na nguvu zako.

Mufti: Ningejua kuna mkunga wa watu anasubiri, ningejitolea.

Tukacheka sote isipokuwa Futi. Sindano bado ilikuwa mkononi haina uzi.

Futi: Shahid, walioitengeneza hiyo lugha walikuwa na maana gani? Kwa nini wasiipandishe tu?

Shahid: Ni kwa ajili ya haki, kaka. Ukiwa na namba maelfu, kila nusu ukiipandisha, jumla yako inavimba. Ndiyo wakaamua hizi zipande, hizi zishuke. Kwa wengi inakuwa sawa.

Futi: Mimi si wengi.

Shahid: Najua.

Futi: Na hao wa mradi umewaambia?

Shahid: Nimewaandikia. Wamekubali kuwa ni kosa, wakaniomba samahani na mimi nikawaomba. Lakini nafasi zimeshagawiwa na watu wameshapewa barua zao. Wataangalia upya mwakani.

Mwakani. Neno hilo lilikaa pale benchini pamoja na sisi. Hiace ya Masoko ilipita, konda akaita, hakuna aliyenyanyua kichwa. Mimi nilichochea mkaa ambao haukuwa na haja ya kuchochewa.

Futi: Labda haikuijua vizuri hiyo nusu. Labda iliiona pungufu.

Nilimwelewa. Alikuwa anatafuta pa kuegemea. Mtu ukikosa kwa bahati mbaya inauma, lakini si kama kukosa huku umeonekana. Shahid naye hakujua kumdanganya.

Shahid: Nusu inaijua, kaka. Robo inaijua, thumni inaijua. Kinachoishinda ni sehemu moja ya kumi. Lete futi yako, upande wa inchi. Nionyeshe hapo sehemu moja ya kumi ya inchi.

Futi akaivua shingoni, akaitazama kama hajawahi kuiona.

Futi: Haipo. Kuna nusu, robo, thumni, na nusu ya thumni.

Shahid: Ndivyo kompyuta ilivyo. Inagawa mbili kwa mbili kwa mbili. Ukiitaka moja ya kumi, inatafuta kistari cha karibu, inakuandikia kama ndiyo yenyewe. Kwa macho huoni kitu. Ila ukichukua moja ya kumi ukajumlisha na mbili za kumi, halafu ukaiuliza, hii ni sawasawa na tatu za kumi? Inakujibu hapana.

Waya: Inakataa?

Shahid: Inakataa.

Waya: Mashine inarusha ndege, halafu hesabu ya darasa la tano inabisha. Ndiyo maana redio zote siku hizi zinakoroma. Nilikuwa nalaumu mvua.

Mufti: Ingekuwa na vidole ingehesabu. Tatizo haina vidole. Kitu kisicho na vidole hakijui kumi, na kisichojua kumi hakiwezi kujua kumi na tatu.

Futi: Lakini nusu inaijua.

Shahid: Inaijua kamili.

Futi: Bora ingekuwa haijui.

Hapo ndipo alipofika yule mama. Simfahamu, alisema anatoka Somanga, anaitwa Maftaha, na amebeba kitambaa anataka gauni la harusi ya mdogo wake. Alimkuta fundi kashika futi hapimi kitu. Akaketi ncha ya benchi, akaniomba kahawa, akalipa kabla ya kunywa. Nikampenda papo hapo. Macho yake yakaenda ukutani, ambako kuna gauni la kitenge cha bluu limetundikwa tangu mvua za masika.

Maftaha: Fundi, lile la nani? Zuri.

Futi: La mke wangu. Halijaisha. Nimelipiga bandi tu, mshono wa muda.

Maftaha: Kwa nini hulimalizi?

Futi: Sina kipimo.

Maftaha: Cha mkeo?

Futi: Ninacho cha zamani. Alikuwa hapa Krismasi, akarudi kazini, na tangu hapo ananiambia kwenye simu amekonda kidogo. Namuuliza, kidogo inchi ngapi? Ananicheka. Basi nimelikata kwa kipimo cha zamani, nikaacha nafasi ya kulipunguza. Kuna siku nalitazama pale, namkumbuka mpaka mguu unagoma kukanyaga cherehani.

Miaka yote nimemmiminia kahawa mtu huyu na sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Sisi huwa anatuambia Monika hajambo, anawasalimia. Waya aliinamisha uso. Mufti akamweleza mama wa watu mkasa wote, wa Mitondo na nusu na witiri, na kwa sababu ni Mufti akaongeza na vidole. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na subira ambayo sisi hatujaizoea pale.

Maftaha: Mkeo yuko Liwale.

Futi: Liwale.

Maftaha: Liwale watu wanavaa nguo?

Futi: Wanavaa.

Maftaha: Na hii cherehani imejengewa sakafuni?

Futi: Hapana, mama.

Maftaha: Sasa kwa nini usimfuate?

Aliuliza kwa upole kabisa, hakuwa na shari. Mufti akakichukua tena kikombe chake. Waya akatoa bisibisi mfukoni, akaikagua, akairudisha. Shahid, mwenye digrii yake, alikuwa anatazama miguu. Mimi nilitafuta jibu kwa bidii kuliko wote, maana nilitaka sana jibu liwepo. Miaka mitatu tumekaa pale tukimrudisha Monika kwa maneno. Tumemhamisha kwa mradi huu, kwa mheshimiwa yule, kwa barua ya padri. Kumpeleka Futi kwake, hilo halikupita kwenye kichwa cha mtu hata siku moja. Na kama lilipita, mtu alilinyamazia, kwa sababu Futi akifunga kibaraza sisi hatuna pa kukaa, na kusema kweli si kibaraza tu. Nampenda yule bwana. Akichelewa kufungua asubuhi, siku yangu haianzi.

Futi: Hajawahi kuniambia njoo.

Maftaha: Na wewe ulishamwambia nakuja?

Futi: Nilikuwa nasubiri Mitondo.

Mama akainuka. Akamkabidhi kitambaa chake apimwe. Futi akakipokea, akakikunjua, akakipitisha vidoleni, akakunja tena vizuri kwa mikunjo ile ile, akamrudishia.

Futi: Mama, nisamehe. Hiki mpelekee fundi mwingine, Masoko wapo wazuri. Mimi ningekuchelewesha.

Maftaha: Hapana ubaya.

Akamaliza kahawa, akaaga, akaenda kusubiri Hiace. Futi akapanda kwenye stuli, akalishusha lile gauni la bluu, akalipangusa vumbi la mabegani kwa kiganja. Akalikunja. Kisha akatugeukia.

Futi: Jamani, gari ya Liwale inapita Nangurukuru saa ngapi?

Hakuna asiyejua pale. Mufti ana mtoto wa dada yake anakata tiketi stendi, Waya kila mwezi anapakia redio za watu kwenye gari hiyo hiyo. Lakini Mufti alikuwa anatazama ndani ya kikombe, na Waya anatazama barabara, na Shahid alishanyanyuka anasema baba yake anamwita dukani, wakati Raza hajaita mtu. Futi akangoja. Nikamwona akianza kulishika lile gauni kama mtu asiyejua aliweke wapi, na nikajua tukinyamaza kidogo tu zaidi atalirudisha ukutani mwenyewe, na kesho nitamkuta hapa hapa, na keshokutwa, na mwakani.

– Alfajiri, nikamwambia. Lala Nangurukuru, siti zinawahi kujaa.