Hamsini na Sita ya Kupokea

Siku ile mjinga alikuwa yeye, wasikilizaji wapendwa, na hakukubali mtu mwingine auhadithie ujinga huo kabla yake. Tunamkumbuka fundi wa kompyuta aliyetutoka wiki hii. Wote walimwita Kasi.

Modemu mpya, kile kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, ilipotoka, Kasi aliipeleka ofisi ya gazeti kwa furaha. Kasi ya kilobiti hamsini na sita kwa sekunde! Alikuwa ameijaribu kwa kupokea picha, zikamiminika. Sasa kurasa sita zilitakiwa kiwandani, ng'ambo ya mji, kabla ya saa sita. Zikichelewa, mtambo ungechapa kazi ya mwingine, na gazeti lisingetoka wiki hiyo.

Dereva wa pikipiki alisimama mlangoni na mkoba wa diski. "Nikapashe injini?"

"Kapashe chai," Kasi akamjibu. "Wewe ni wa zamani."

Saa tano juu ya alama, modemu ikalia vile vilio vyake, ofisi nzima ikapiga makofi. Saa tano na nusu zilikuwa zimefika kurasa mbili. Mbili tu, kati ya sita.

Hapo mkewe akaingia anahema. Yeye ni fundi wa mitambo ya simu. "Nakupigia tangu saa tano, laini umeikalia. Baba watoto, hamsini na sita ni ya kupokea. Kutuma haivuki thelathini na nne. Sauti ya waya wako lazima kwanza igeuzwe tarakimu kule kwetu kituo cha simu, na hapo kasi inakatwa."

Narudia, wasikilizaji: kupokea mbio, kutuma taratibu. Kasi alijaribu upande mmoja, akaahidi pande zote mbili.

Kurasa nne zilizobaki zilipanda pikipiki. Zilifika saa sita kasoro dakika tatu. Gazeti likatoka.

"Baba alimwomba dereva radhi mbele ya ofisi nzima," anasema binti yake, "halafu akaomba apande nyuma akaone mtambo."

Pole sana mama, poleni watoto. Nasi tuliobaki tujiulize: tumeahidi nini ambacho tumekijaribu upande mmoja tu?

Mama anatuambia kwamba jioni ile, nyumbani, marehemu bado alikuwa akibisha. "Lakini boksi limeandikwa hamsini na sita."

"Boksi kaliandika muuzaji," akamwambia. "Waya nimeuvuta mimi."