Mzee Ephraïm Kasereka, Aliyelala Chali Miaka Ishirini na Tisa

Tarehe 30 Septemba 2025, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika gareji ya Koperative yetu ya uchukuzi hapa Bunia, Mzee Ephraïm Kasereka amestaafu rasmi. Ni mfanyakazi pekee wa nyumba hii aliyelala kazini kila siku, mbele ya wakubwa, bila kupewa barua ya onyo. Alilala chali juu ya kipande cha kartoni, chini ya magari yetu, akisugua kutu kwenye sakafu zake na kuzipaka rangi ya kuizuia isirudi. Abiria hawakumjua. Madereva wengi walijua viatu vyake tu.

Alizaliwa Butembo, akaja Bunia kijana, akapanga nyumba mtaa wa Saio, na mwaka 1996 akaajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba majaribio yamekwisha, kwa hiyo akaendelea kufanya kazi kama mtu anayejaribiwa. Sisi tuliothibitishwa kwa barua yenye mhuri hatukuona sababu ya kumuiga.

Mwaka wake wa kwanza haukuwa wa sifa. Sakafu ya gari ina matundu madogo ya kutolea maji, na Ephraïm, kwa bidii ya mgeni, aliyaziba yote kwa rangi, tabaka tatu. Gari likaoshwa ndani Jumamosi. Jumatatu mkurugenzi wa wakati ule akapanda na viatu vipya vya ngozi, na maji yakamfika kwenye vifundo. Tangu siku ile Mzee aliyahesabu matundu kabla ya kupaka na baada ya kupaka, tena kwa sauti.

Adui yake mkubwa alitoka Tchomia. Magari yetu hubeba samaki wa chumvi kutoka ziwani, na maji yao huvuja, hupenya chini ya mikeka ya mpira na kuanza kulila bati taratibu. Mwingine angeosha na kupaka palepale. Mzee aliosha, akaacha pakauke, akapitisha kidole kwenye bati na kukilamba. "Ingali na munyu," alisema, na gari likarudi kuoshwa mara ya pili, hata ya tatu. Mgeni mmoja aliyetumwa kutukagua alimkuta akilamba kidole chini ya gari, akaandika kwenye ripoti yake kwamba wafanyakazi waongezewe chakula cha mchana. Mwezi uliofuata tukaanza kupata maharage. Hayo ni mafanikio ya Mzee ambayo sote tumeyaonja.

Katika ile miaka mibaya ya vita, mji ulipokimbiwa, watu walizika vyombo na vyeti vya shule. Yeye alizika ndoo mbili za rangi ya kuzuia kutu nyuma ya nyumba. Mkewe, Mama Immaculée, hadi leo hajaelezwa vizuri kwa nini sufuria zake zilikosa nafasi kwenye shimo lile.

Kila tabaka lilitaka siku nzima ya kukauka, na Mzee hakuyumbishwa na haraka ya mtu yeyote. Dereva wetu Roger aliwahi kuchukua gari siku ya pili, rangi ikiwa bado inanata, akaenda harusini Boga. Alirudi na nusu ya barabara imebandikwa chini ya gari: vumbi, majani, na manyoya ya kuku ambaye habari zake hatukuuliza. Mzee hakumgombeza. Alimpa msasa, akamwonyesha kartoni. Roger alisugua siku nne, na leo hakuna dereva anayeuliza kwa adabu kama yeye ikiwa gari limekauka.

Tuna magari kumi na moja, na hakuna hata moja lililowahi kutoboka sakafu. Hapo ndipo Mzee alipojiponza. Kwa kuwa hakuna sakafu iliyotoboka, mkurugenzi wetu, Bwana Xavier, aliona wazi kwamba hatuna tatizo la kutu, na kwamba nafasi ya Mzee haina haja ya kujazwa. Hoja ni nzito. Kwa hoja hiyohiyo tungeweza kumwachisha kazi mlinzi, maana hatujaibiwa. Bwana Xavier ameyasoma maandishi haya kabla hayajachapwa na hakuondoa hata neno moja, jambo linaloonyesha moyo mkubwa, au haraka kubwa.

Mzee hakutaka sherehe wala hotuba. Alitaka mtu wa kumwachia kazi. Mara tatu alipanda ofisini akiwa amevaa shati safi. "Directeur, uniachie hata mutu moja tu, nimufundishe. Miezi mbili inatosha." Mara tatu alipewa chai. Mara ya nne alipewa zawadi: picha kubwa ya magari yetu yote kumi na moja, yameoshwa, yamepangwa, yamepigwa kutoka mbele. Ni picha nzuri sana, na ndani yake kazi ya Mzee haionekani popote. Aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Nilimwona akishuka nayo ngazi polepole, nikahuzunika.

Lakini ofisi ina desturi zake. Kwetu hakuna anayeondoka bila remise-reprise: anayekwenda anakabidhi, anayebaki anapokea, wote wawili wanatia sahihi. Nafasi ya Mzee ilikuwa imefutwa, ila karatasi ilidai jina la mpokeaji. Ikaamuliwa nipokee mimi, Lydie wa stoo: brashi tatu za waya, brashi mbili za rangi, ndoo moja na nusu, kartoni moja. Niliambiwa ni kazi ya dakika mbili.

Mzee akakataa kutia sahihi. Kwa miaka ishirini na tisa hakuwahi kukwamisha karatasi ya mtu, na ofisi nzima ilitoka kushuhudia.

"Mama Lydie, hauwezi kusign kitu haujaona," aliniambia. "Kwanza lala pale chini."

Nilikuwa nimevaa kitenge kipya kwa ajili ya siku yake. Nililala. Miaka kumi na minne nimempa ndoo za rangi kwenye dirisha la stoo, na sikuwahi kwenda kuona zinaishia wapi. Zilikuwa pale: sakafu nyeusi, laini kutoka mwanzo hadi mwisho, kila kiungo kimefuatwa kwa brashi ndogo, kila tundu liko wazi. Niliona aibu, tena aibu ya kweli. Kisha akamulika tochi karibu na gurudumu la nyuma. Palikuwa na doa la kutu, si kubwa kuliko punje ya mahindi.

"Niko naiona tangu juma ilipita," alisema. "Sikuiguse. Iko yako."

Mtu ambaye hakuwahi kuiacha kutu ilale hata siku moja, hii aliiacha kwa ajili yangu. Nikasugua. Akanisahihisha mkono, nikasugua tena mpaka bati likang'aa. Kwa kuwa tabaka ni tatu, alirudi tarehe mosi Oktoba, na pili, na tatu, mstaafu kamili, akalala kando yangu chini ya gari. Tarehe tatu jioni akatia sahihi. Nami nikatia yangu, na kwenye mstari wa cheo cha mpokeaji sikuandika stoo. Niliandika: mpaka rangi wa chini. Cheo hicho hakipo tena katika Koperative yetu. Bwana Xavier amekigongea mhuri, kwa haraka yake ileile.

Mzee Ephraïm, tunakushukuru. Wewe na Mama Immaculée mnahamia kwenye shamba lenu la kakao huko Boga, na sisi sote wa gareji tunawaombea afya, mavuno, na miaka mingi ya kulala kitandani. Magari yetu yatapita mbele ya nyumba yenu kila Alhamisi. Usiiname kuyatazama, Mzee. Nimeshainama.