Vigelegele Vilivyokosa Mahali

Wapendwa, nimeambiwa nisimame dakika chache tu, ila wanaonifahamu wanajua kwamba ukinipa kipaza sauti umejitakia mwenyewe. Nimekuja kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo nadhani humu ndani halijawahi kutolewa ushuhuda. Namshukuru kwa sarufi ya Kiingereza. Chekeni tu, nitawangoja.

Wengi wenu mlikuwepo ule mkutano wa uwanjani, tulipompata yule mama mgeni kutoka ng'ambo. Mkalimani wetu alikuwa amesafiri kwenda Bukoba, mkanitazama mimi. Nilifika kidato cha nne, nasuka nywele hapa Pasiansi, na wageni wakija saluni naongea nao Kiingereza cha kuinamisha kichwa na maji ya moto. Mkasema huyu anatosha. Na mimi, sifa zikaniingia, nikaamini natosha. Nikavaa kitenge kipya nikapanda jukwaani.

Ndugu zangu, nawaambia, maneno ya yule mama nilikuwa nayajua karibu yote. Kilichoniponza ni pupa. Neno likimtoka mdomoni nalidaka, nawatupia ninyi, nageuka kudaka lingine. Kwenye sentensi fupi tulikwenda vizuri, hata mkaitikia amina. Kisha akashusha sauti akaanza sentensi ndefu. Alisema kwamba mama aliyemuuguza mtoto ambaye majirani wote walikuwa wamemkimbia, alipona. Aliyepona ni mama. Lakini mimi nilidaka mama, nikadaka mtoto, nikadaka kupona, nikapaza sauti, "Na mtoto akapona!"

Mnakumbuka mlichofanya. Kina mama mlipiga vigelegele, kwaya ikachapa ngoma, na mgeni wetu akasimama anatutazama, hajui tunashangilia nini. Mama wa habari ile alikuwa ni yeye mwenyewe. Mtoto alikuwa wake, na alikuwa amemzika.

Mzee mmoja wa kanisa alinipokonya kipaza sauti kwa upole, akampa mtu mwingine. Mgeni alipokwisha kueleweshwa, alinifuata nyuma ya jukwaa, akanishika mikono yote miwili. Angenigombeza ningepata nafuu.

Tangu siku hiyo mtaani nikaitwa Vigelegele. Nikaacha kuja hapa ibadani. Mkituma watu, nasema mgongo unaniuma. Mteja akianza Kiingereza saluni, najifanya sisikii kwa sababu ya kelele za mashine ya kukausha nywele, hata kama imezimwa. Niliapa sitafungua mdomo mbele ya watu tena, na sikuona kama ni hasara kwa yeyote.

Sasa nisikilizeni hapa. Siku moja aliingia saluni mwalimu mstaafu, mama wa Kiislamu wa familia za zamani hapa mjini. Amefundisha Kiingereza miaka mingi, na ana macho ya kukunyamazisha kabla hujakosea. Nikamwamkia shikamoo, nikamshushia pazia ili avue ushungi wake. Akataka mtindo wa twende kilioni, ile mistari ya kawaida ya kwenda nyuma. Nikiwa naanza kusuka, jirani akapita nje akaniita Vigelegele. Mwalimu akauliza jina hilo nimelipataje. Sijui kwa nini nilimweleza yote. Nilitegemea atanipa pole. Hakunipa.

"Ukimsuka mtu, unaanzia wapi?" akauliza.

"Nagawa kichwa kwanza, mwalimu. Natenga mafungu."

"Na fungu ambalo hujalifikia?"

"Nalibana na kibanio, lisiniingilie."

"Basi kwa nini sentensi ya mwenzio uliivamia bila kuigawa?"

Wapendwa, mkono wangu ulibaki na kitana hewani.

Kuanzia hapo akawa anakuja hata kama nywele zake hazijafumuka. Alikuwa anamimina vibanio vyangu mezani ananifundisha navyo. Akasema, kuna maneno yanayotembea pamoja kama kundi, hayo ni kirai. Usiyatenganishe, maana ukilitoa moja, mengine hayana kazi. Kuna kundi lililobeba kitenzi chake, hicho ni kishazi. Na vishazi havifanani. Kimoja kinasimama kwa miguu yake, kingine kinaegemea mwenzake, kazi yake ni kukuambia mtoto yupi, mama yupi, lini, kwa sharti gani. "Hicho kinachoegemea kibane pembeni," akasema. "Usikitupe, utakirudia. Kwanza mtafute bwana mkubwa, kitenzi kikuu, halafu umuulize, bwana, wewe ni wa nani?"

Nilikuwa mzito. Nilimchosha. Kuna siku nilimwambia mimi kichwa changu ni cha kusuka vichwa vya wengine, basi. Akanijibu hivi, "Aliyekuambia sarufi ni ya shule ni nani? Ni adabu. Unamwacha mtu amalize, unajua nani alifanya nini, ndipo unasema." Nimesikia mahubiri mengi humu, mchungaji anisamehe, lakini neno lile lilinikaa.

Basi mama yangu mzazi, anayekaa Kisesa, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alifika mahali akawa ananitambua kwa kunipapasa uso. Wakaja madaktari wageni, akapasuliwa jicho moja. Kesho yake nilimkuta kwenye chumba kikubwa, wazee wamejaa kwenye mabenchi, kila mmoja jicho limefungwa bandeji, chupa ya dawa ya matone mkononi. Daktari akaingia kutoa maelekezo. Muuguzi aliyekuwa anamtafsiria akaitwa kwingine haraka. Daktari akauliza kama kuna anayeweza kumsaidia. Nikatazama sakafu. Mama mmoja wa hapahapa Pasiansi, na yumo humu leo, akasema kwa sauti, "Si Vigelegele huyo hapo? Anakijua."

Mama yangu akanisukuma kwa kiwiko.

Daktari akaanza. Dawa ambayo mmepewa asubuhi hii, hata kama jicho lililopasuliwa haliumi, isiachwe mpaka nitakapowaona tena. Kwa Kiingereza ilikuja ndefu hivyohivyo, na pupa yangu ya zamani ikaamka. Nilishasikia haliumi, nilishasikia kuachwa, ulimi ukawa tayari. Nikajiuma mdomo. Nikainua mkono, nikamwomba daktari aanze upya. Akaanza upya. Ile habari ya kupewa asubuhi nikaibana pembeni. Ile ya jicho kutouma nikaibana. Nikamkuta bwana mkubwa, kitenzi kikuu, amekaa peke yake, isiachwe, nikamuuliza wewe ni wa nani. Akasema wa dawa.

Ndipo nikafungua mdomo. Nikasema kwa Kiswahili, nikageuza kwa Kisukuma kwa ajili ya wale watu wazima. Msiiache dawa, hata kama jicho haliumi, mpaka daktari awaone tena.

Babu mmoja benchi la mbele akashtuka. "Loo, mimi yangu nilishampa huyu jirani. Langu haliumi." Jirani akamrudishia chupa, daktari akacheka, na mimi machozi yakanitoka palepale. Nilitafsiri mpaka mwisho.

Kisha wakaanza kufungua bandeji. Mama yangu alipepesa jicho, akanitazama muda mrefu bila kunigusa. Akasema, "Mwanangu, kumbe umeshaanza mvi, na bado unasuka wenzio." Nimesifiwa nywele tangu nikiwa msichana. Sijawahi kupenda sifa kama ile.

Ndugu zangu, somo langu ni dogo. Mtu akisema nawe, kwa lugha yoyote, mngoje afike. Tunaumizana sana kwa nusu za maneno. Nawashukuru ninyi mlioendelea kutuma watu hata niliposingizia mgongo. Yule mama mgeni nimeshamwandikia.

Na sasa tulieni, kina mama msiniharakishe, maana sentensi hii ni ndefu. Mwalimu ambaye hakunipa pole siku niliyoitaka, aliyemwaga vibanio vyangu mezani mpaka nikaelewa, ambaye leo amekubali kuja kunisikiliza ingawa hii siyo nyumba yake ya ibada, amekaa pale nyuma, karibu na mlango, mwenye ushungi wa bluu.

Nimemaliza. Vile vya siku ile, hapa sasa ndipo mahali pake. Pigeni vigelegele.