Muhindo Apollinaire, Mbeba Magodoro wa Kilimani (1983–2025)

Marehemu Muhindo Apollinaire alizaliwa Kibua, Walikale, tarehe 14 Agosti 1983, mtoto wa tatu wa Papa Katembo Bienvenu na Mama Mbambu Joséphine-Marie. Wazazi wake walitoka Butembo kufuata biashara, wakafungua duka la chumvi na sabuni. Muhindo hakuwa na mkono wa biashara. Kila alipoachiwa duka alikutwa nje akimfungia mteja mzigo, na ndani hamna mtu.

Alisoma shule ya msingi Kibua na sekondari Itebero, akapata diploma ya serikali mwaka 2003. Oktoba 2004 alikuja Masisi kusomea kilimo katika chuo kikuu hiki ambacho sote tunakiita Kilimani. Sehemu kubwa ya safari alitembea kwa miguu, godoro lake la sponji kichwani, mvua ikimnyeshea. Alipofika barabarani, chini ya kilima cha chuo, godoro lilikuwa limelowa na moyo wake umevunjika. Hakumjua mtu, wala hakusikia lugha ya kwao popote. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba alikuwa amekwisha kugeuka arudi. Ndipo aliposhuka msichana wa mwaka wa pili, binti wa wakulima wa hapahapa Masisi, akalichukua lile godoro bila hata kumsalimu.

“Leta hiyo,” alimwambia. “Hapa muntu hapandake peke yake.”

Msichana huyo ni Mukankusi Victorine, mjane tunayelia naye leo. Mwaka uliofuata walishuka wawili kuwapokea wageni, kisha wakashuka wengi, na hivyo desturi ya Kilimani ikazaliwa. Kila Oktoba poil, yaani wanafunzi wa zamani, waliwabebea bleu, wale wageni, magodoro yao mpaka juu huku wakiimba. Sheria zilikuwa mbili. Poil hambebei bleu wa kwao, bali mtu wa lugha nyingine. Na siku ya kumaliza masomo, kila mtu anashuka na mzigo wake mwenyewe. Katika milima hii, ambako watu wazima hugombana kwa sababu ya mashamba na lugha, hatukuwa na kitu kingine cha kujivunia kama hicho.

Ndoa yao ilifungwa kanisani tarehe 20 Juni 2009, baada ya manung’uniko ya pande zote mbili. Mama Joséphine-Marie alisema mwanawe ameuzwa kwa godoro bovu. Leo anaishi kwa mkwe huyohuyo, na hataki kwingine.

Mwaka 2011 Muhindo alifanywa apariteri, mwenye kuandikisha wanafunzi. Alikuwa mkali kwa wachelewaji. Sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya kabisa, lakini yeye ndiye aliyeanzisha wimbo kila Oktoba, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumzuia.

Oktoba 2023 vita ilikuwa imekaribia, na hata darasani watu walitazamana vibaya. Siku ya kupokea wageni, kila poil alichukua godoro la mtu wa kwao, wakapanda kimya. Barabarani alibaki msichana mmoja, Umugwaneza. Lugha yake ilikuwa imeanza kuitwa ya adui, na hakuna aliyetaka kuonekana naye. Daktari alikuwa amemkataza Muhindo kubeba mizigo kwa sababu ya moyo, lakini alishuka akajitwika lile godoro. Njiani kijana mmoja alimuuliza: “Huyu iko wa kwenu, Papa?”

“Hapana,” alijibu. “Njo maana namubebea.”

Alifika juu akaanguka kitako, midomo imebadilika rangi. Baadhi ya poil waliona aibu wakarudi kubadilishana mizigo. Wengine hawakurudi, na hatutasema uongo mbele ya jeneza lake.

Januari 2025 vita ilifika, chuo kikafungwa, magodoro yakabaki juu. Muhindo na familia yake walikimbia kupitia Sake na Mubambiro hadi Goma, wakapanga chumba. Miguu yake ilivimba, pumzi ikawa fupi. Ugonjwa hakuulalamikia. Yeye ndiye aliyemuuliza kila mgeni aliyekuja kumtazama swali moja: bleu watapokelewa na nani? Mwanzoni mwa Novemba alikuja Umugwaneza, naye akaulizwa vilevile.

“Papa,” alisema, “miye niko poil sasa.”

Muhindo alimshika mkono, na tangu siku hiyo hakuuliza tena. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, nasi tukamrudisha Masisi.

Ameacha mama yake mzazi, mjane Victorine, watoto wawili, Kavira Agathe na Rukundo, dada yake Kavuo, na wanafunzi waliotawanyika tusikojua.

Familia inawaomba radhi ndugu waliotoka Walikale na Butembo. Tunajua ni haki yenu kumbeba mtoto wenu. Lakini mwenyewe aliagiza asibebwe na mtu wa kwao. Kutoka barabarani hadi kaburini, karibu na chuo ambacho sasa hakina hata mabati, atabebwa na wanafunzi wachache waliofika, wa lugha nyingine, na Umugwaneza atashika mbele. Mwaka huu hakuna mgeni mwingine wa kupokea. Wimbo tutauanza sisi, vibaya kama alivyouanza yeye. Tukimaliza, kila mtu atashuka na mzigo wake.

Apumzike kwa amani. Hakupanda peke yake.