Walburga Mbawala na Chombo Kilichokosa Breki

Ndugu waombolezaji, majirani wa Majengo, na ninyi mliotoka Peramiho, mimi Remigi, mdogo wa marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu, Walburga Cornel Mbawala.

Alizaliwa Peramiho tarehe 9 Mei 1982, mtoto wa kwanza wa mzee Cornel, dereva wa lori, na mama Monika, tuliye naye hapa. Alisoma huku huku Ruvuma, akahitimu uhandisi Dar es Salaam mwaka 2007, kisha akaenda Ujerumani, akaajiriwa katika kituo kinachoongoza vyombo vya anga. Tarehe 15 Juni 2013 alifunga ndoa na ndugu Severin Haule hapa Songea, wakajaliwa binti, Dorine.

Mwaka 2017 chombo chao kilichofika sayari ya Zuhura kiliharibikiwa injini iliyokuwa ndiyo breki yake, kikabaki kuizunguka kwa mbali, kisiweze kushuka. Walburga ndiye aliyependekeza kichovywe kidogo kidogo katika hewa ya juu ya sayari, hewa ikipunguze mwendo, na kiinamishwe ili hewa hiyo hiyo ikisukume na kukibadilishia njia, japo kikizama mno kingeungua. Baba alimuuliza kwa simu, "Sasa mama, breki zimekatika, utasimamaje?" Akamjibu, "Kwa upepo, baba, polepole."

Baba alifariki tarehe 11 Februari 2018, kazi ikiwa katikati, na kwa kuwa dada ndiye aliyekuwa akiamua chombo kishuke kiasi gani kila kinapopita, hakuja kuzika, na maneno mengi yalisemwa. Agosti, chombo kikiwa salama katika njia yake mpya, alikuja, akawapita watu wote bila salamu hadi kaburini, akalala kifudifudi, mpaka mama alipomwambia, "Inuka, mwanangu. Umechelewa, lakini umefika."

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani, akaomba arudishwe nyumbani, akafariki Peramiho tarehe 6 Novemba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao wawili kati yao wamesafiri kutoka mbali na wamekaa nasi kwenye mkeka tangu jana.

Dada, uliomba ulazwe kando ya baba, na leo tunakupeleka kwake. Pumzika salama, Walburga.