Justus Changawa Hakuikatiza Ile Kazi

Waombolezaji wenzetu, mimi ni Rosalia, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake kama alivyoyaishi, si kama wengine walivyotaka yaandikwe.

Marehemu Justus Changawa alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Mwakirunge, mtoto wa tatu wa mzee Mwidani Changawa, mvunja mawe wa timbo, na mama Mbeyu. Alisoma shule ya msingi hapa hapa toka 1975 hadi 1981, akamaliza sekondari Novemba 1985, baada ya kurudishwa nyumbani mara mbili, si kwa utundu bali kwa kumsahihisha mwalimu wa hesabu mbele ya darasa, na mara zote mbili mwalimu ndiye aliyekuwa amekosea.

Mei 1991 aliajiriwa karani katika yadi moja ya makontena huko Changamwe, na mwaka 2006 akakabidhiwa kusimamia zile kazi ambazo kompyuta hujifanyia yenyewe, bila mtu kukaa mbele yake. Kila kazi hupangwa, ikaruhusiwa, ikangoja zamu, ikawa inaendelea, kisha ikakamilika au ikakatizwa. Hali hizo baba alizijua zote, ila moja tu hakuiamini, nayo ni hiyo ya kuendelea, kwani kazi ikifa ghafla katikati haina wa kuitangaza, na kompyuta hubaki ikiiandika hai.

Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa na Dorothy Mueni, fundi cherehani wa Chaani, wakajaliwa watoto wawili, mimi na ndugu yangu Fidel.

Ijumaa tarehe 6 Septemba 2019 ilianza kazi ya kutoa orodha ya makontena ya baridi yanayopaswa kukaguliwa, na hadi Jumatatu orodha haikuwa imetoka. Mafundi, waliokwisha kuzoea kwenda kwa orodha tu, hawakukagua kitu, na makontena kumi na moja ya samaki yakaoza. Baba alikuwa amekwenda kwa meneja tangu Jumamosi asubuhi, akaambiwa, "Kompyuta yasema inaendelea, Changawa, wewe ni nani uibishie?" naye akajibu, "Mkubwa, kuandikwa inaendelea si kuendelea." Akakatazwa kuigusa. Jumatatu hakungoja ruhusa ya mtu, aliiuliza kompyuta ihakikishe, nayo ikachungua, ikaikuta ile kazi imekufa tangu Ijumaa saa nne, ikaisahihisha hali yake kuwa imekatizwa, na kando yake ikaandika jina la aliyeuliza.

Kwa jina hilo wakubwa wa yadi wakasema ndiye aliyeikatiza kazi na kuozesha samaki. Waliweka karatasi mbele yake atie sahihi kukiri kosa, apewe barua ya sifa aende zake kwa heshima, akaisukuma kando, na tarehe 30 Septemba 2019 akafukuzwa baada ya miaka ishirini na minane. Aliumia, tusidanganyane, kuna majirani waliomwita mharibifu wa samaki na leo wamekaa hapa wanakula wali wetu. Kila alikoomba kazi aliulizwa ile barua, na kila mara alirudi Chaani mikono mitupu, shingo yake ikiwa haijainama.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hata kitandani ile karatasi ilimfuata, mwezi wa Februari mwaka huu kampuni ilimletea tena atie sahihi, akamwomba muuguzi amgeuze aelekee ukutani. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, mama akiwa amemshika mkono.

Jana kampuni ilituletea shada la maua pamoja na sentensi ya kuingiza humu, kwamba marehemu alistaafu kwa hiari yake. Shada tumelipokea, maua hayana kosa. Sentensi hatuisomi, hakustaafu, alifukuzwa kwa kusema kweli, na Mungu aliye juu anajua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupiga turubai, na wafanyakazi wenzake wachache waliothubutu kuja, hasa Bramwel, aliyeonywa asikanyage hapa akaja na sare ya kampuni mchana kweupe, mkononi ana nakala ya kumbukumbu ya kompyuta aliyoificha miaka sita, inayoonyesha kazi ilikufa Ijumaa, siku tatu kabla ya jina la baba kuandikwa. Anaogopa, lakini ameomba asimame kando yangu, na nakala hiyo itapita mikononi mwenu, kila mtu aisome kwa macho yake kabla hatujafukia kaburi.

Pumzika kwa amani, baba. Sahihi yako hawakuipata.