Fyugi Iliyokataa Kuisha

Pale Wabera, mjini Isiolo, mkabala na msikiti, kulikuwa na benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ulikuwa jiwe. Mwaka ule wa themanini na moja mvua ilinyesha vizuri, ng'ombe wakawa na bei, na watu wakapata nafasi ya kubishana. Asli, mama wa Kisomali mwenye birika la kahawa ya tangawizi, ndiye aliyekuwa serikali ya pale. Kulia alikaa Ibrae, dalali wa mifugo, Mborana aliyebandikwa jina Bei ya Mwisho kwa sababu hajawahi kuitaja. Kushoto alikaa Ekai, Mturkana, askari mstaafu, jina la kijiweni Redio, na sababu utaisikia mwenyewe. Katikati yao, Alhamisi hiyo, alikaa Mutembei, karani wa ofisi ya mifugo na mpiga kinanda wa kanisa, ameshika tama. Jumamosi bintiye Kagendo anaolewa, na wimbo aliomtungia umekataa kuisha.

— Imekataa aje? Ibrae akauliza. Wimbo ni punda?

— Ni fyugi, Mutembei akasema. Sauti nne ndani ya kinanda kimoja. Ya kwanza inatoa neno. Ya pili inalirudia juu, na ya kwanza bado inaongea. Halafu ya tatu. Halafu ya nne, ile nzito, chini kabisa. Zinafukuzana hivyo mpaka mwisho.

— Watu wanne wanaongea pamoja na hakuna anayesikiza? Asli akacheka. Hiyo tuko nayo hapa kila siku, na sisi hatukuenda shule.

— Shida ni hiyo sauti ya tatu, Ekai akasema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Umeipatia jembe?

— Ekai, kunywa kahawa.

— Na hiyo fitina ulijifunza wapi? Ibrae akauliza.

— Kwa padri mmoja mzee, huko Meru. Ni mtindo wa mafundi wa kinanda wa Ulaya. Wamezikwa zaidi ya miaka mia mbili.

— Wamezikwa, na wewe unatunga mpya kwa mtindo wao! Ibrae akajipiga paja. Sasa nimeona ugonjwa. Ndama ni yako, umezalisha mwenyewe, halafu unaipiga chapa ya marehemu. Wallahi lazima ikatae kuingia boma.

Mutembei aliudhika. Ofisini walikuwa wamemcheka kwa maneno kama hayo hayo, kwamba anavaa koti la maiti.

— Wewe unauza ng'ombe kwa mtindo wa babu yako, mikono chini ya shuka, mnahesabiana vidole. Ng'ombe ni wa babu?

— Ng'ombe ni wa leo.

— Basi. Mtindo wa wazee, wimbo wa leo.

— Hapo amekushika, waryaa, Asli akasema.

Ibrae, dalali wa tangu ujana, hashikwi. Alisema tu kwamba bei hiyo ataifikiria.

— Mimi nilisikia kwa redio, Ekai akaanza. Huko Ulaya baridi inakaa nusu mwaka. Mtu amejifungia ndani, hana pa kwenda. Akimaliza wimbo atafanya nini? Kwa hivyo haimalizi. Sasa wewe umeleta hiyo tabia Isiolo, na hii jua!

— Uongo, Asli akadakia. Ni jini. Hicho kinanda kilihamishwa kutoka upande wa Biliqo, lori ikakwama Gotu. Hapo kwa mto ndipo jini akaingia. Jini wa mto hamalizi maneno, muulize mtu yeyote.

— Ndiyo maana lazima kikanyagwe kwa miguu ndipo kilie! Ekai akasema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Hakuna aliyejisumbua kumuuliza guu hilo limeingiaje. Mutembei akacheka mpaka kahawa ikammwagikia, ingawa moyoni alikuwa na dukuduku. Padri ameshapanga mambo: misa ikiisha, fyugi ipigwe, kinanda kikinyamaza tu, maharusi waingie gari waanze safari ya Kitale, kwao Kirimi, bwana harusi. Kitale si karibu. Tangu mkewe afariki, nyumba ilikuwa ya watu wawili, yeye na Kagendo, na kila jioni Kagendo ndiye aliyemwambia kama wimbo umekaa sawa. Miisho alikuwa ametunga mingi. Kila mmoja ulimkera, akaulaumu ubao wa kinanda, akalaumu vidole, akaufuta.

— Tuimbe, Ibrae akasema. Ng'ombe hanunuliwi kwa maneno. Mwache atembee tumuone.

Mutembei akawagawia sauti, na ili wasipotee akautilia wimbo maneno ya salamu ya Kiborana, ya kuulizana amani: Nagaa? Nyumbani nagaa? Ng'ombe nagaa? Asli alianza, na kumbe ana sauti tamu. Kabla hajafika kwenye neno nyumbani, Ibrae kaingia.

— Bado! Mutembei akamkemea. Ngoja afike kwa ng'ombe!

— Haraka haraka haina baraka, Ibrae akajitetea, ndiyo nimewahi.

Wakarudia. Safari hii Asli alitangulia, Ibrae akafuata juu, Ekai akapokea, na Mutembei akashuka chini na ile sauti nzito. Ajabu ya Mungu, ilikaa! Mwenye duka la nguo akatoka nje na futi yake shingoni. Mutembei alisikia raha ambayo hakuisikia wiki nzima.

Lakini wakazunguka, wakazunguka tena, kahawa ikapoa. Nagaa? Nagaa. Ng'ombe nagaa? Mbuzi nagaa? Aliwapungia mkono wakome, hakuna aliyekoma.

— Nyamazeni basi!

— Ninyamaze mimi kwanza? Ibrae akashangaa. Hii ni salamu, bwana. Kwetu anayeikata kwanza ndiye mwenye dharau. Anza wewe.

— Siwezi kuanza mimi, Mutembei akasema.

— Hamjambo wazee. Salaam aleikum, mama Asli.

Alikuwa Kagendo, kikapu mkononi, hina aliyopakwa na Asli jana bado nyekundu viganjani. Hawakujua amesimama hapo tangu lini.

— Ni nzuri, baba. Lakini nauliza. Ikiisha, si ndiyo naondoka?

Asli aliinamisha birika, likatoa machicha matupu.

— Kahawa imeisha, akasema polepole.

Mutembei alijifuta uso kwa kofia. Aliona haya, akaona uchungu, na pamoja na hayo akaona mwisho wa wimbo wake, waziwazi kabisa.

— Rudieni, akasema. Sasa mimi sikimbii. Nitakaa hapa chini na sauti moja, sitoki. Nyinyi piteni juu yangu mwende.

Akaishika ile sauti nzito, akatulia nayo. Asli akapita akamaliza. Ekai akamaliza. Hata Ibrae, mara ya kwanza maishani, akafika mwisho akanyamaza. Mutembei akabaki nayo peke yake kidogo, mpaka pumzi ikamwishia.

Kagendo akamshika mkono, akamwinua.

— Twende nyumbani, baba. Leo bado ni Alhamisi.